Ua Tuliloliita Karatasi

Wageni wangu wana tabia moja inayoniudhi. Wakifika hapa kwangu, karibu na bwawa la Manchira, kabla hata hatujamaliza salamu huinama kwenye kitalu changu, wakashika ua kwa vidole viwili, wakalibinya, wakasikia linavyolia, kisha wakanitazama kwa huruma. "Mama, kumbe ni ya plastiki?" Mtu mzima na akili zake anadhani nimechomeka plastiki ardhini na kila siku naimwagilia maji. Zamani nilikuwa nawaeleza vizuri. Siku hizi nawaambia ndiyo, ni ya plastiki, na mbolea yake ni vipande vya ndoo zilizopasuka.

Si ya plastiki. Ni maua hai, kwao ni Australia, na petali zake ni kavu tangu siku ya kwanza ya kuchanua. Kuna ya manjano, meupe, na mekundu ya rangi ya kutu. Ukiyagusa yanalia kama karatasi inayokunjwa. Niliyajua nikiwa mtoto kule Nyanungu, miaka ya hamsini, na aliyenifundisha kuyapenda ni bibi yangu mzaa baba, ambaye hakuwahi kuyaona hata mara moja.

Macho ya bibi yaliondoka polepole. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano, kisha akawa anamwita mbuzi kwa jina la mtoto, na nilipofika umri wa kuanza shule alikuwa anajua tu kwamba kumekucha au kumekuchwa. Lakini alikuwa mkubwa wa mji wetu, na mji wetu ulikuwa wa ulezi. Ng'ombe walikuwa wa wanaume. Ghala la ulezi lilikuwa la wanawake, na katika wanawake lilikuwa la bibi. Hakuna aliyefungua ghala lile bila ruhusa yake, hata baba. Na lilikuwapo neno moja ambalo wote tulilingoja kutoka kinywani mwake asubuhi za mavuno: anikeni.

Wasiolima ulezi hawawezi kujua uzito wa neno hilo. Mahindi yakinyeshewa utayachoma, utakula, utacheka. Ulezi uliokwisha kupurwa ukilowa uwanjani, basi umekwisha. Punje ni ndogo mno, huwezi kuziokota kwenye matope, na ukizizoa zikiwa mbichi na kuzirudisha ghalani zinaota humo humo. Kwa hiyo mwenye kusema "anikeni" anabeba tumbo la kila mtu, pamoja na mbegu za mwaka ujao.

Mwaka nilioanza shule bibi alisema anikeni, na ilikuwa kosa. Asubuhi ile ilikuwa na joto na upepo haukuwapo. Upande wa Ringwani, ng'ambo ya mto Mara, wingu jeusi lilikuwa limekaa kimya likitungoja. Mama aliliona. Baba aliliona. Hata mimi niliona. Hakuna aliyesema, maana kila mmoja alidhani bibi analijua na ana sababu zake. Alikuwa hajawahi kukosea. Tukatandaza ulezi wa msimu mzima kwenye uwanja uliosiribwa kwa mavi ya ng'ombe, laini, safi, na saa nane mchana mvua ikaupiga wote.

Wanaume walifurahi, nisiwafiche. Ulezi ulioota ndio kimea, na pombe ilipikwa wiki mbili mfululizo. Sisi watoto tulikula viazi vitamu mpaka tukawa tunavichukia.

Pombe ilipokwisha baba alizungumza. Alizungumza kwa adabu zote, na nadhani adabu zile ndizo zilizouma. Alisema, "Mama amefanya kazi ya kutosha. Sasa apumzike. Kuanzia leo mke wangu ndiye atakayeangalia mbingu." Bibi alichukua kigoda chake kilichokuwa kikikaa mbele ya nyumba, kikitazamana na uwanja, akapapasa ukuta mpaka nyuma, akakiweka huko ambako hakuna anayepita ila kuku.

Mama yangu hakuupenda ukubwa huo hata kidogo. Kila asubuhi ya mavuno alisimama uwanjani akitazama juu mpaka shingo ikamuuma, na aliposema "anikeni" alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi. Wakati mwingine nilimwona akitupa jicho kule nyuma ya nyumba. Lakini mume amekwisha sema, na siku zile mume akisema mke humwuliza Mungu tu.

Sasa nimlete baba mdogo, mdogo wake baba, mtu mwenye maneno mengi na miguu mirefu. Alikuwa boi wa bustani kwa mke wa mzungu mmoja wa mgodini, na mama huyo kwao ni Australia. Baba mdogo alipokuja likizo alileta sukari, blanketi la bibi, na kikopo cha tumbaku ambacho ndani yake hakukuwa na tumbaku. Kulikuwa na mbegu ndogo, nyembamba, kila moja na manyoya yake kichwani. Tuliinama wote kutazama, ndugu yangu mdogo akapiga chafya, na robo ya mbegu ikaenda zake.

"Zinaota nini?" baba aliuliza.

"Maua, kaka. Makavu kama karatasi. Yule mama anayapenda kuliko mume wake."

"Yanaliwa?"

"Hapana."

"Ng'ombe wanakula?"

"Hapana, kaka."

"Ni dawa ya nini basi?"

Baba mdogo alifikiri. Alikuwa amesafiri siku mbili na mbegu zile na hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akasema, "Ni za kutazama tu."

Akampa bibi. Ndiyo, alimpa bibi kipofu kitu cha kutazama tu. Nadhani alikuwa ameyaandaa mgodini maneno ya kutoa zawadi kabla hajajua kwamba macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Bibi ndiye aliyemwokoa. Alikifunga kikopo, akakitia kifuani, akasema, "Mjukuu wangu atanitazamia." Akanishika mkono. Ndivyo nilivyopewa kazi, na sijawahi kupewa kazi nyingine niliyoipenda zaidi.

Tulianza vibaya. Tulijua kupanda mahindi, ulezi, mtama na viazi, kwa hiyo tulipanda ua kama mahindi: shimo la kina cha kidole, mbegu tatu, fukia, kanyaga. Hazikuota. Tukapanda tena, na safari hii bibi akasema tutie samadi, maana kwetu hakuna jambo ambalo mavi ya ng'ombe hayawezi kulitengeneza. Nyumba tunazisiriba, mashamba tunayalisha, na moto tunauwasha. Tulitia samadi mbichi ya moto kabisa. Mche mmoja ulichungulia, ukaona mambo yale, ukafa.

Zilizoota ni zile mbegu za chafya. Mwezi mmoja baadaye, pale tulipokuwa tumeinama kutazama kikopo, kando ya ukuta ambako udongo ni wa changarawe na hakuna anayemwaga maji, niliona miche kumi na moja imejipanga kama watoto wa shule. Haikuwa imefukiwa na mtu yeyote. Nilikimbia kwa bibi nikampeleka, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya vile vichwa bila kuvigusa. "Kumbe hii mbegu haitaki kufunikwa blanketi," akasema. "Inataka kuona jua." Tangu siku hiyo napanda hivyo hivyo: natupa mbegu juu ya udongo, nazikandamiza kidogo kwa kiganja, basi. Nimewasikia mabwana shamba wa siku hizi wakifundisha jambo hilo kwa maneno marefu, na nimecheka.

Nilijifunza mengine kwa makosa yangu. Maji mengi huozesha mizizi. Kivuli hulifanya lirefuke na kulegea kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukilikata ncha likiwa bado dogo linakuonea hasira, linakaa wiki nzima halifanyi kitu, halafu linatoa matawi matano badala ya moja. Nilipoanza kulikata hivyo mama alidhani nimerukwa na akili. Bibi alimwambia aniache, maana hata ndama huachishwa ziwa.

Yalichanua wakati wa likizo. Bibi aliweka kidole juu ya ua la kwanza, akalibonyeza, likalia. Akatoa mkono haraka.

"Limekauka! Umeliacha likauke!"

"Bibi, ndivyo lilivyo. Ndiyo kwanza limezaliwa."

"Limezaliwa likiwa zee?" Alilishika tena. Alilizungusha, akalisogeza sikioni, akalibonyeza tena na tena, na uso wake ulifunguka. Kwa mara ya kwanza tangu ule ulezi ulowe nilimsikia akicheka kwa sauti. "Maua ya watu wengine ni ya wenye macho," akasema. "Hili linaongea. Hili ni langu."

Hatukuliita ua. Nyumbani tulizungumza Kikurya tu, na kwa Kikurya chetu kitu kile hakikuwa na jina, kwa hiyo likaitwa Karatasi, kama mtu. "Karatasi ameamkaje?" "Mbuzi asimkaribie Karatasi." Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha karani na cha wenye maduka ya Tarime, na sote tulikitembelea kwa tahadhari. Kwetu mama ni "baba," na baba ni "tata." Siku yangu ya kwanza shuleni mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa mbali, aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nilisimama wima nikajibu kwamba baba yangu anasaga ulezi, anachota maji, na juzi amejifungua mtoto wa kiume. Mwalimu alikaa chini.

Bibi alihamisha kigoda chake kikawa kando ya Karatasi. Kila siku alikuwa anayapapasa, na baada ya wiki chache alianza kuniuliza maswali ya ajabu. Mbona asubuhi yamefumba kama ngumi? Mbona jua likipanda yanafumbua? Na mbona jana, jua limepanda kabisa, yalibaki nusu ngumi, halafu jioni mvua ikanyesha? Mimi nilikuwa sijaona lolote. Niliyatazama kila siku nisione, na yeye aliona kwa vidole. Petali zile kavu zinavuta unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na maji zinajikunja, ikiwa kavu zinafunguka na kulia. Leo najua sababu hiyo. Wakati ule tulijua tu kwamba Karatasi anaijua mvua kabla haijatoka nyumbani kwake.

Bibi alinyamaza nalo. Alilijaribu kimyakimya msimu mzima, nami peke yangu nikiwa shahidi. Halafu siku moja ya mavuno, jua kali, mbingu safi kama bakuli lililooshwa, mama akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Anikeni." Kutoka kwenye ukuta bibi akasema, bila kugeuza kichwa, "Mimi nisingeanika."

Mama alisimama na ungo mkononi. Alitazama juu, hakukuwa na kitu. Alimtazama baba, baba alitazama juu pia, akainua mabega. Wakaanika. Saa tisa tulikuwa tunakimbia na ngozi, mikeka, mashuka, hata gauni la mama la kanisani, tukifunika ulezi. Tuliokoa karibu wote. Bibi alikaa mlangoni akisikiliza mvua, na sitasema alikuwa anatabasamu, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, lakini midomo yake ilikuwa na kazi kubwa ya kujizuia.

Mara iliyofuata mama hakutazama juu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kigoda, akainama, akauliza, "Mama, tuanike?" Bibi alinyoosha mkono, akabonyeza ua moja, akabonyeza la pili. "Anikeni." Baba alikuwa karibu anafunga ndama. Alisikia, akaendelea kufunga ndama. Hakuna kikao kilichoitishwa kurudisha ukubwa wa bibi. Ulirudi kwa miguu yake. Kigoda kilirudi mbele ya nyumba, na miche mipya minne nikaipanda hapo hapo ili asilazimike kuzunguka.

Nataka niseme wazi kwamba nilikuwa na furaha sana miaka ile miwili. Nilikuwa naamka na kuyaangalia kabla ya kuosha uso. Nilikuwa nakata mashina yaliyochoka, nang'oa magugu, nafukuza kuku, na jioni namhesabia bibi machipukizi. Alitaka kujua rangi za yote. Manjano nilimwambia ni siagi. Nyekundu ile nilimwambia ni ng'ombe wa baba mwenye pembe moja, na alielewa kabisa.

Mwaka wa tatu Karatasi alianza kupungua. Mashina yaligeuka magumu kama kuni, majani ya chini yakaanguka, na maua yakawa machache na madogo. Nilikata, nikapunguza maji, nikaongeza maji. Bibi aliweka mkono akahesabu matano tu mahali palipokuwa na hamsini. Hakulalamika, lakini niliona anavyoyabonyeza kwa kuyahurumia, kidogo tu, asiyavunje. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Nikamwandikia baba mdogo mgodini.

Jibu lilikuja na mwenye duka, limekunjwa mara nne. Baba mdogo alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, na aliona nukta na mkato ni kupoteza wino. Maneno yake yalitembea kutoka pembe mpaka pembe bila kupumzika popote. Baada ya chakula cha mchana baba aliwaita wote, maana barua ilikuwa jambo kubwa, nami nikasimama katikati. Nilikuwa darasa la tatu. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua kusoma. Mtoto wa kike anasoma barua mbele ya baba yake! Nilijisikia mrefu kuliko ghala.

Nilisoma kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti ya mwalimu, halafu nikatafsiri. Salamu zilijaza nusu ya ukurasa. Halafu nikafika hapa, na nayaandika kama yalivyokuwa: *ukiona linapungua ua limechoka*.

Someni nyinyi. Mnaona alichosema: ukiona linapungua, ua limechoka. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kusikika, na kichwani mwangu kitu kile hakikuwa ua, kilikuwa Karatasi. Neno "ua" nililolijua vizuri ni lile la nyoka, la siafu, la chui aliyeingia zizini. Nikapumzika mahali pasipo pake. Nikasoma: "Ukiona linapungua, ua. Limechoka." Nikageukia watu wangu nikatafsiri kwa Kikurya safi: akianza kupungua, muue, amechoka.

Haraka haraka haina baraka. Ningeigeuza tu ile karatasi.

Baba alikubali kwa kichwa. Kwake lilikuwa jambo linaloeleweka: mabwana mifugo walikuwa wanakuja na kuamuru ng'ombe mgonjwa auawe kabla hajaambukiza wengine, na huyu ni mdogo wake aliyefundishwa na wenye mmea wao. Pengine aliogopa ugonjwa usiingie kwenye ulezi. Hakukasirika wala hakufurahi. Alichukua jembe, akang'oa mashina yote, ya ukutani na ya mbele ya nyumba, akayapeleka kwenye moto wa takataka, akayachoma pamoja na maua yake matano. Yaliwaka upesi mno. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, hatua tano tu, na alisikia kila jembe lilipoingia. Alikuwa ameikubali hukumu ile kwa sababu mimi ndiye niliyeisoma, na alikuwa ananiamini.

Jioni ile nilitaka kuisoma barua tena kwa ajili ya raha yangu. Niliigeuza. Nyuma yalikuwapo maneno mengine: *usiogope kila ua huchoka mwaka wa tatu acha yakomae chukua mbegu ndipo upande mapya mwambie mama yangu asihuzunike.*

Sijui kama mmewahi kufanya kosa ambalo mnaliona lote kwa mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Mbegu zilikuwa ndani ya yale maua matano. Kikopo kilikuwa tupu tangu zamani. Na kama ningejua wakati ule ninachokijua leo, kwamba hata ua lililokatwa na kukaushwa linaendelea kufumba na kufumbua miaka mingi, ningeokoa angalau moja kutoka motoni. Baba mdogo alileta mbegu nyingine likizo iliyofuata, na hizi za Manchira ni wajukuu wa hizo, lakini likizo iliyofuata ilikuwa mwaka mzima mbele. Mavuno yalikuwa wiki moja mbele.

Nilikwenda kwa bibi nikapiga magoti nikamwambia yote. Nililia mpaka kamasi zikaniingia mdomoni. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwa Kiswahili, kitu kizuri kile na kumtoa mtu roho ni neno moja?"

"Ndiyo, bibi."

"Neno hilo hilo?"

"Hilo hilo."

Alisikitika kwa ulimi. "Basi waliotengeneza lugha hiyo walikuwa na haraka kuliko wewe. Nyamaza." Akanifuta uso kwa nguo yake, kwa nguvu, kama anavyofuta chungu. Nilidhani yamekwisha. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukitoka mwambie mama yako ulezi wa mwaka huu auangalie mwenyewe." Na kesho yake nilipotoka shuleni kigoda kilikuwa kimerudi nyuma ya nyumba, kwa kuku.

Nilimwambia mama. Nilimwambia na habari ya nyuma ya barua, nikangoja kuchapwa. Mama alikuwa anapepeta, aliendelea kupepeta. Hakunichapa.

Asubuhi ya kuanika ilifika. Ulezi ulikuwa tayari, uwanja umesiribwa, majirani wawili wamekuja kusaidia. Mbingu ilikuwa safi. Baba alimtazama mama, akingoja aseme. Mama akajifunga kanga vizuri, akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kwa mbali. Aliinama mbele ya kigoda.

"Shikamoo, mama. Tuanike?"

Bibi hakugeuka. "Sina Karatasi, mwanangu. Unajua."

"Najua, mama. Mimi sikumwuliza Karatasi. Nakuuliza wewe."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Bibi aliinua uso, akaugeuza upande wa mto Mara, akakaa hivyo, pua juu, mikono imelala mapajani haina cha kubonyeza. "Msianike," akasema. "Nasikia maji."

Mama alirudi uwanjani akawaambia watu, "Leo hatuaniki." Mmoja wa majirani alitazama mbingu akafungua mdomo. Mama alimtazama, akaufunga.

Jua liliwaka siku ile kuliko siku zote za mwaka. Ardhi ilipasuka. Mbwa alijificha chini ya ghala. Saa sita, saa nane, saa kumi, halikupita hata wingu la ukubwa wa mkono, na ulezi wetu ulikaa ndani gizani wakati uwanja mtupu unaungua. Mama alipura mtama, akasuka mkeka, akamwosha mtoto mara mbili. Jioni baba alirudi na ng'ombe, akatazama mbingu, akatazama uwanja, akamtazama mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alikohoa. "Leo kulikuwa na joto," akasema, akaenda kufunga zizi.

Bibi alijua. Ngozi yake ilikuwa imelisikia jua lile siku nzima. Hakuja kula nasi. Nilimpelekea chakula naye akakirudisha nusu.

Sijawahi kumpenda mama yangu kama nilivyompenda kesho yake. Kulipopambazuka, kabla ya kuwasha moto, alizunguka nyumba, akafukuza kuku, akainama pale pale.

"Shikamoo, mama," alisema. "Leo je, tuanike?"